Levuka: Mji mkuu uliohamishwa kwa kukosa nafasi

Barabara kuu ya Levuka ina maduka upande mmoja tu. Upande wa pili ni ukuta wa mawe wa kuzuia mawimbi, kisha Bahari ya Pasifiki. Jina lake ni Beach Street, lakini ufukwe wenyewe hauonekani. Nyuma ya maduka nako hakuna pa kwenda, maana mlima unaanzia uani, mkali na wenye msitu, na nyumba zimeparamia ubavu wake kwa ngazi. Njia moja ya kupanda kilimani, iliyobeba jina la misheni, inajulikana kwa vidato vyake 199.

Mji huu uko upande wa mashariki wa kisiwa cha Ovalau, nchini Fiji, na kwa macho tu hakuna cha kumwambia mgeni kwamba hapa ndipo serikali ya nchi ilipokaa. Nyumba ni za mbao, zina baraza na mapaa ya mabati, nyingine rangi imechujuka kwa chumvi ya bahari. Magari ni machache. Watu wakipishana husema “Bula”, na mgeni asipoitikia huonekana hana adabu. Saa ya mnara wa Kanisa la Moyo Mtakatifu, lililojengwa na misheni ya Kikatoliki iliyoanza hapa mwaka 1858, inasifika kwa kugonga mara mbili kila inapotimia saa, kwa tofauti ya dakika moja hivi. Katika mji usio na haraka, aliyepitwa na mlio wa kwanza bado hajachelewa.

Wageni wa kwanza kuweka makazi hapa walifika miaka ya 1820. Walikuwa mabaharia waliotoroka meli zao, watu waliovunjikiwa na jahazi na wachuuzi. Aliyejulikana kuliko wote ni David Whippy, Mmarekani kutoka kisiwa cha Nantucket, ambaye chifu wa mahali hapo, mwenye cheo cha Tui Levuka, alimpokea na kumfanya mtu wake wa karibu. Wazungu hao waliunda boti, walioa wanawake wa Kifiji na kuuza walichoweza kuuza: magamba ya kasa, mafuta ya nazi, na majongoo bahari, yaliyochemshwa na kukaushwa kwa ajili ya soko la China. Bila ulinzi wa Tui Levuka wasingedumu. Jambo hilo halitajwi sana katika hadithi za “waanzilishi”, na ni heri litajwe mapema.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipokata pamba isifike viwandani Uingereza miaka ya 1860, bei ilipanda, na walowezi kutoka Australia na New Zealand wakamiminika Fiji kulima. Levuka ndiyo ilikuwa bandari yao. Mabaa yalijaa mtaani, na hadi leo wenyeji husimulia kwamba nahodha asiyejua mlango wa kuingilia katika mwamba wa matumbawe aliupata kwa kufuata chupa tupu za jini zilizokuwa zikielea kutoka mjini. Ni hadithi tu, lakini inaeleza sifa ya mji. Tarehe 4 Septemba 1869, George Littleton Griffiths alichapa hapa toleo la kwanza la gazeti la Fiji Times. Hoteli ya Royal, iliyoanzishwa miaka hiyohiyo, bado ina jina lake mlangoni.

Kilichoifanya Levuka kuwa mji mkuu ni deni. Na kilichoinyang'anya cheo hicho, ukifuatilia vizuri, ni deni hilohilo.

Tarehe 4 Julai 1849, wakala wa Marekani, John Brown Williams, alikuwa akisherehekea siku ya uhuru wa nchi yake katika kisiwa kidogo cha Nukulau. Moto uliozuka katika sherehe ukaiteketeza nyumba yake, na watu wakajichukulia vilivyosalia. Williams alidai fidia kutoka kwa Cakobau, chifu wa kisiwa cha Bau (herufi c ya Kifiji hutamkwa kama dh yetu), kwa hoja kwamba Wazungu wenyewe walikuwa wakimwita mfalme wa Fiji. Madai yalianzia dola 5,000 hivi. Manowari za Marekani zikaja, madai ya Wamarekani wengine yakaongezwa juu yake, na kufikia mwaka 1855 chifu huyo alikuwa anadaiwa zaidi ya dola 40,000 kwa moto ambao hakuuwasha.

Mwaka 1858 Cakobau aliwaambia Waingereza waichukue nchi na walipe deni, naye awape ekari 200,000. London ilituma mtu kuchunguza, na mwaka 1862 ikakataa. Ndipo mwaka 1868 wafanyabiashara wa Melbourne, kupitia Kampuni ya Polynesia, wakakubali kulipa deni kwa kubadilishana na ardhi. Sehemu ya ardhi hiyo ilikuwa rasi moja yenye kinamasi katika kisiwa kikubwa cha Viti Levu. Rasi hiyo iliitwa Suva.

Mwaka 1871 walowezi wa Levuka walimtawaza Cakobau kuwa mfalme, Levuka ikiwa mji mkuu wake, huku nafasi nyingi za uwaziri wakizishika wao. Mwaka huohuo alimaliza vita na watu wa Lovoni, wanaoishi katikati ya Ovalau ndani ya kreta ya volkano iliyozimika, ambao vita vya awali havikuwahi kuwatiisha. Waliposalimu amri, waligawanywa na kuuzwa kwa wenye mashamba, wakatawanywa visiwa mbalimbali ili kuipatia serikali mpya fedha. Wachache walichukuliwa hadi Marekani kuonyeshwa kwenye sarakasi. Miaka hiyohiyo meli zilikuwa zikileta Fiji vibarua kutoka Visiwa vya Solomon na New Hebrides, inayoitwa leo Vanuatu, wengine kwa hila na wengine kwa nguvu. Mwaka 1873 Uingereza ilimlazimisha Sultani Barghash kufunga soko la watumwa la Zanzibar. Katika Pasifiki, wanunuzi wengi wa vibarua hao walikuwa raia wa Uingereza yenyewe.

Serikali ya mfalme ilifilisika. Tarehe 10 Oktoba 1874, huko Nasova, kusini kidogo mwa mji, Cakobau na machifu wengine wakuu walitia saini hati ya kuikabidhi Fiji kwa Uingereza mbele ya mwakilishi wake, Sir Hercules Robinson. Cakobau alimpelekea Malkia Victoria rungu lake la vita. Rungu hilo lilirudishwa Fiji mwaka 1932, na limekuwa likitumika kama siwa ya bunge. Fiji ilipopata uhuru mwaka 1970 ilichagua tarehe ileile ya 10 Oktoba.

Baada ya kutia saini, Cakobau na wanawe walipelekwa Sydney kwa matembezi. Januari 1875 walirudi Levuka katika meli ya kivita Dido wakiwa na surua. Meli haikuwekwa karantini. Machifu na watu wao walikuwa wakikusanyika kumlaki mfalme wao wa zamani na kusikiliza habari za utawala mpya, kisha kila mmoja akarudi kwake na ugonjwa. Katika miezi michache walikufa watu wapatao 40,000, zaidi ya robo ya Wafiji wote. Gavana Arthur Gordon alipowasili katikati ya mwaka huo, alikuta nchi iliyojaa makaburi mapya.

Gordon, aliyetokea Mauritius, alizuia uuzaji wa ardhi ya Wafiji na hakutaka watoke vijijini kwenda mashambani. Basi akaagiza vibarua kutoka India. Meli ya kwanza, Leonidas, ilitia nanga Levuka Mei 1879 ikiwa na watu zaidi ya 450, na ndui na kipindupindu ndani yake. Safari hii karantini iliwekwa, katika kisiwa kidogo cha Yanuca Lailai karibu na mji. Hadi mwaka 1916 Wahindi wapatao 60,000 walikuwa wameletwa Fiji kwa mikataba ya miaka mitano. Ni mfumo wa aina hiyohiyo uliowaleta Mombasa, kuanzia mwaka 1896, wajenzi wa reli ya Uganda. Tofauti ni kwamba wengi wa wajenzi wa reli walirudi kwao, ilhali wengi wa waliokwenda Fiji walibaki, na wajukuu wao ni Wafiji.

Lakini Levuka haikuwa na mahali pa kukua. Mlima ulikuwa palepale, na kisiwa hakina tambarare ya kulimia miwa, zao lililokuwa likichukua nafasi ya pamba. Wakati huo, wamiliki wa ardhi ya Suva, ambao pamba na miwa viliwashinda kwenye udongo wake, walikuwa tayari kuitoa sehemu kwa serikali ili iliyobaki ipande bei. Uamuzi ulipitishwa mwaka 1877, na mwaka 1882 serikali ilihama. Fiji Times nayo ikafuata. Levuka ikabaki na mbata, na mbata zilipopungua kikaja kiwanda cha jodari miaka ya 1960, ambacho mpaka leo ndicho mwajiri mkubwa wa mji, hasa kwa wanawake. Upepo ukigeuka, harufu yake hufika mpaka hotelini.

Kwa kuwa hakuna aliyekuwa na fedha wala sababu ya kubomoa, majengo yalibaki, na mwaka 2013 UNESCO iliuweka mji wa bandari wa Levuka katika orodha ya Urithi wa Dunia, wa kwanza kutoka Fiji. Si kila mtu aliyaenzi. Katika mapinduzi ya mwaka 2000 kundi la watu lilichoma jumba la Wamasoni, ambalo uvumi wa miaka mingi ulidai lina mahandaki ya siri chini yake. Kilichobaki ni kuta.

Anayetaka kwenda hupanda basi kutoka Suva hadi gati ya Natovi, akavuka kwa feri hadi Buresala, kisha basi likamzungusha kisiwani hadi mjini. Asitafute mchanga mweupe wa kwenye kadi za posta, Levuka haina. Aanzie Nasova kwenye mawe ya kumbukumbu, atembee Beach Street mpaka mwisho, na asiondoke kabla ya kufika Lovoni, kwa sababu mawe ya Nasova ni ya waliotia saini, na waliouzwa ni wa huko juu.