Neno Nyuma ya Picha: Kanuni za Wavuti na Shauri la Sydney

Tim Berners-Lee alipopendekeza mfumo wa wavuti mwaka 1989, huko CERN karibu na Geneva, kiini chake kilikuwa maandishi, nayo maandishi mashine yaweza kumsomea kipofu. Mambo yaligeuka mwaka 1993, programu ya Mosaic ilipoanza kuonyesha picha katikati ya maneno. Mahali penye picha, mashine hukuta pengo.

Dawa yenyewe ilikuwa ndogo: mtunga ukurasa aandike, nyuma ya kila picha, maneno machache ya kushika nafasi yake. Mwanaisimu atatambua kwamba kinachotakiwa hapo si sura ya kitu bali kazi yake. Picha ya kioo cha kukuzia iliyo kando ya kisanduku huandikiwa «tafuta», wala si «kioo». Toleo la HTML la mwaka 1995 liliruhusu maneno hayo. Lile la 4.0, mwaka 1997, likayafanya ya lazima. Tarehe 5 Mei 1999 muungano wa W3C, alioasisi Berners-Lee mwaka 1994, ulitoa miongozo 14 kwa ajili ya walemavu, na wa kwanza ulihusu jambo hilohilo.

Kanuni hizo hazikuwa na askari. Mwezi Juni 1999 Bruce Maguire, kipofu aliyesoma kompyuta kwa kifaa cha nukta nundu, aliishtaki kamati ya maandalizi ya Olimpiki ya Sydney mbele ya tume ya haki za binadamu ya Australia, kwa sheria ya 1992 ya kukataza ubaguzi wa walemavu. Hakudai makuu: picha ziandikiwe maneno, orodha ya michezo ifikike kutoka kwenye ratiba, na majedwali ya matokeo yasomeke. Kamati ilijitetea kwamba kazi hiyo ingemchukua mtu mmoja siku 368. Hesabu ya ajabu, kwani mashahidi wa Maguire walionyesha kuwa kikundi kidogo kingeimaliza kwa wiki nne.

Tarehe 24 Agosti 2000 tume iliamua kuwa huo ni ubaguzi, ikaamuru marekebisho yawe tayari ifikapo 15 Septemba, siku ya ufunguzi. Kamati haikutimiza yote. Mwezi Novemba ikaamriwa kumlipa Maguire dola 20,000 za Australia. Michezo ilikuwa imekwisha tangu tarehe 1 Oktoba.