Kuhama kwa Mpango: Tunajifunza Nini kwa Bi Asmaa na Hijra?



Kabla hatujaingia kwenye historia, tuanze na kisa chetu wenyewe, japo kinatutia haya. Tulipohamisha duka letu la ushoni tulifunga kila kitu kwa siku moja. Vyerehani vikatangulia, majora yakafuata, na vitambaa vya wateja tukavitia mifukoni bila kuandika majina. Akaja bibi harusi mmoja kuulizia kitambaa chake cha nguo ya nikaha, nasi hatujui kimo mfuko gani. Tulikipata siku mbili kabla ya harusi, tukashona usiku kucha. Nguo ilivaliwa, alhamdulillah, lakini mama yake alituambia neno ambalo hatujalisahau: "Wanangu, amana ya mtu haifungwi pamoja na mizigo yako."

Neno hilo lilitukumbusha Hijra ya mwaka 622, Mtume wetu Muhammad (S.A.W.) alipohama Makka kwenda Madina. Maquraishi walikuwa wamekwishapanga kumuua, na hata hivyo watu wa Makka walikuwa bado wanamwekea mali zao, kwa vile hawakumjua aliye mwaminifu kuliko yeye. Basi akamwacha Sayyidna Ali (R.A.) nyuma azirudishe amana hizo kwa wenyewe. Sayyidna Ali alikaa siku tatu mpaka akamaliza, ndipo akamfuata Mtume (S.A.W.) akamkuta Quba. Hebu tufikirini, mtu anatafutwa auawe, na bado haondoki na cha mtu!

Tena safari ile haikuwa ya kukurupuka. Sayyidna Abubakar (R.A.) alikuwa na ngamia wawili aliowalisha majani nyumbani kwa miezi minne wakingojea siku hiyo. Aliajiriwa kiongozi wa njia, Abdullah bin Urayqit, ambaye wakati ule hakuwa Mwislamu lakini aliijua kazi yake, akaambiwa awapeleke ngamia kwenye pango la Thaur baada ya siku tatu. Pango hilo liko kusini ya Makka, na Madina iko kaskazini, kwa hivyo waliowatafuta walitarajia wameshika njia nyingine. Abdullah, mtoto wa Sayyidna Abubakar, alishinda mjini akisikiliza yanayosemwa, na usiku akawapelekea habari. Amir bin Fuhayra alichunga mbuzi karibu na pango, wakapata maziwa. Kila mtu alikuwa na kazi yake na aliijua.

Na wanawake je? Hapo ndipo panapotugusa sisi tunaoshika mkasi na uzi. Bi Asmaa binti Abubakar (R.A.) alitayarisha chakula cha njiani. Ilipofika wakati wa kufunga hakupata kamba, akaupasua mkanda wake wa kiunoni vipande viwili, kimoja akafungia chakula na cha pili kiriba cha maji. Mpaka leo anaitwa Dhaatun-Nitaaqayn, Mwenye Mikanda Miwili.

Baba yake aliondoka na fedha zake zote, zipatazo dirham elfu tano au sita. Babu yao, Abu Quhafa, alikuwa mzee asiyeona, akaingiwa na hofu kwamba wajukuu wameachwa mikono mitupu. Bi Asmaa akachukua mawe, akayaweka kwenye shubaka baba yake alipokuwa akiweka fedha, akayafunika kwa nguo, akamshika babu mkono ayapapase. Mzee akatulia. Hilo nalo ni katika kazi za kuhama: anayebaki nyuma atulizwe moyo. Yeye mwenyewe Bi Asmaa alihama baadaye akiwa na mimba pevu, na akajifungua Quba.

Kule Madina nako nyumba haikuwa tayari. Mtume (S.A.W.) alipokewa kwa Abu Ayyub al-Ansari, akakaa chini na wenyeji wake juu. Siku moja mtungi wa maji ulivunjika ghorofani, na Abu Ayyub na mkewe wakayafuta maji kwa blanketi lao la pekee yasije yakamdondokea mgeni wao. Alikaa hapo takriban miezi saba, mpaka msikiti na vyumba vya pembeni vilipojengwa. Familia haikuja siku moja naye. Aliwatuma watu baadaye wakawachukua Bi Sauda, Bi Fatma na Bi Ummu Kulthum.

Basi dada yetu unayehamia kwa mume, au unayehama nyumba na watoto, anza kabla ya siku yenyewe. Kwanza toa vya watu: sufuria ya jirani, dera la wifi, pesa za mchezo ulizoshikia wenzako. Lipa madeni madogo ya duka la mtaani. Halafu ndipo ufunge vyako, na kila kasha uliandike kilichomo. Msahafu, miswala, dawa na karatasi muhimu vitie kwenye bweta utakalolishika mwenyewe. Vyombo vya kupikia usiku wa kwanza vipakiwe mwisho ili vishuke mwanzo. Wape watu kazi kwa majina, usiseme "mtanisaidia" ukaishia hapo. Na siku ya kuondoka kaa na mama yako japo nusu saa, maana nyumba yake ndiyo itakayokuwa kimya.

Sisi dukani sasa kila kitambaa kina karatasi ya jina iliyobanwa kwa pini, hata kama hatuhami.

Allah atujaalie tuhame kwa heri, tuingie kwa baraka, na atusamehe tulipoteleza kwenye amana za watu. Aamin. Wabillahi tawfiq.