Ulinganisho wa viunzi vya usanifu wa taasisi

Viunzi vya usanifu wa taasisi ni miongozo inayotumika kueleza jinsi shughuli, taarifa, programu na mitambo ya kompyuta ya taasisi zinavyotegemeana, ili matumizi ya Teknolojia ya Habari na Mawasiliano (TEHAMA) yafuate malengo ya taasisi yenyewe. Neno "taasisi" hapa lina maana pana: linaweza kuwa kampuni, benki, wizara, jeshi au chombo kingine chochote chenye malengo na uongozi wake.

Viunzi vinavyojulikana zaidi ni kiunzi cha Zachman, TOGAF, FEAF na DoDAF. Mara nyingi hutajwa pamoja kana kwamba ni vya aina moja, lakini kila kimoja kilitungwa kwa kazi tofauti. Kimoja ni jedwali la kupanga maelezo, kingine ni hatua za kazi, kingine ni msamiati wa pamoja wa serikali, na kingine ni kanuni za kuchora mifumo ya kijeshi.

Tatizo linalokusudiwa kutatuliwa

Katika taasisi kubwa kila idara huelekea kununua mfumo wake. Benki, kwa mfano, inaweza kuwa na orodha moja ya wateja katika idara ya mikopo na nyingine katika idara ya akiba. Mteja akibadilisha namba ya simu, orodha moja husahihishwa na nyingine hubaki na namba ya zamani. Kila mfumo hufanya kazi vizuri peke yake, lakini taasisi nzima haina jibu moja kuhusu mteja wake.

Mwaka 1993 watafiti John Henderson na N. Venkatraman walieleza suala hili kwa kutaja sehemu nne zinazopaswa kukubaliana: mkakati wa biashara, mkakati wa TEHAMA, muundo na taratibu za taasisi, na miundombinu na taratibu za TEHAMA. Sehemu moja ikibadilika bila nyingine, pengo hutokea.

Mfano unaotajwa mara kwa mara ni mfumo wa majalada ya kesi wa FBI nchini Marekani, ulioitwa Virtual Case File. Uliachwa mwaka 2005 kabla ya kuanza kutumika, baada ya kugharimu takriban dola milioni 170. Mkaguzi Mkuu wa Wizara ya Sheria ya Marekani alitaja sababu kadhaa, zikiwemo mahitaji yasiyoelezwa vizuri, usimamizi dhaifu na kukosekana kwa usanifu wa taasisi. Mfumo uliochukua nafasi yake, Sentinel, ulianza kutumika kikamilifu mwaka 2012.

Historia

Chimbuko la viunzi hivi linahusishwa na mbinu za kupanga mifumo ya habari zilizotumiwa na kampuni ya IBM tangu miaka ya 1960 na 1970. John Zachman, aliyekuwa mfanyakazi wa IBM, alichapisha makala kuhusu kiunzi chake mwaka 1987. Mwaka 1992 yeye na John Sowa walikipanua.

Mwaka 1996 Bunge la Marekani lilipitisha sheria inayojulikana kama Clinger-Cohen, iliyowapa maafisa wakuu wa habari wa idara za serikali wajibu wa kuwa na usanifu wa TEHAMA. Sheria hiyo ilisukuma kazi hii kutoka vitabuni hadi katika bajeti za serikali.

Viunzi vikuu

Zachman

Kiunzi cha Zachman ni jedwali. Safu wima zake ni maswali sita: nini, vipi, wapi, nani, lini na kwa nini. Safu mlalo zake ni mitazamo ya watu mbalimbali, kuanzia kiongozi anayeona taasisi kwa ujumla, kupitia msanifu na mhandisi, hadi fundi anayejenga. Safu ya mwisho ni taasisi yenyewe ikiwa kazini. Zachman alilinganisha kazi hii na ujenzi wa nyumba: mwenye nyumba, msanifu na fundi huhitaji michoro tofauti ya jengo lilelile.

Nguvu ya jedwali hili ni kuonyesha kilichosahauliwa. Mradi unaweza kuwa na maelezo mengi ya "vipi" na usiwe na hata mstari mmoja wa "kwa nini". Hata hivyo, jedwali halisemi kazi ianzie wapi wala ifuate hatua zipi.

TOGAF

TOGAF hutolewa na The Open Group. Toleo la kwanza lilitoka mwaka 1995, likitokana na kazi iliyofanywa awali na Wizara ya Ulinzi ya Marekani. Toleo la 9 lilitoka mwaka 2009 na la 10 mwaka 2022.

Kiini chake ni mzunguko wa hatua. Baada ya maandalizi, taasisi huweka dira, kisha hueleza usanifu wa shughuli, wa data na programu, na wa teknolojia. Hali ya sasa hulinganishwa na hali inayotakiwa, pengo hutambuliwa, mpango wa kuhama huandaliwa, na utekelezaji husimamiwa. Mzunguko huanza tena mahitaji yanapobadilika.

TOGAF haisemi taasisi nzuri inafananaje. Inaeleza namna ya kufanya kazi ya usanifu. Pia inaelekeza kwamba hatua zake zirekebishwe kulingana na mazingira.

FEAF

FEAF ni kiunzi cha serikali kuu ya Marekani kilichotolewa mwaka 1999. Toleo la pili, la mwaka 2013, lina vielelezo sita: utendaji, shughuli, data, programu, miundombinu na usalama.

Kielelezo cha shughuli hupanga kazi za serikali kwa aina ya huduma badala ya jina la wizara. Hivyo idara mbili zinazolipia mifumo inayofanya kazi moja huweza kuonekana mahali pamoja. Kwa kuwa kilitungwa kwa serikali moja, kampuni binafsi hulazimika kukibadilisha sana.

DoDAF

DoDAF ya Wizara ya Ulinzi ya Marekani ilitolewa mwaka 2003, na toleo la 2.0 mwaka 2009. Hutaja aina za michoro na maelezo kuhusu uwezo, operesheni, huduma, mifumo, viwango, data na miradi. Lengo kubwa ni mifumo ya wazalishaji mbalimbali iweze kufanya kazi pamoja. Uingereza na NATO zilitengeneza viunzi vya jamii hiyo, yaani MODAF na NAF.

Jedwali la ulinganisho

| Kiunzi | Mwaka | Aina yake | Kinafaa zaidi kwa | Upungufu |
|---|---|---|---|---|
| Zachman | 1987 | Jedwali la uainishaji | Kukagua ukamilifu wa maelezo | Hakina hatua za kazi |
| TOGAF | 1995 | Mzunguko wa hatua | Kuongoza mabadiliko | Ni kikubwa. Huhitaji kupunguzwa |
| FEAF | 1999 | Vielelezo vya pamoja | Serikali yenye idara nyingi | Kimefungwa na mazingira ya Marekani |
| DoDAF | 2003 | Kanuni za michoro | Ulinzi na mifumo mikubwa | Hakielezi mkakati wa biashara kwa kina |

ArchiMate, ambayo wakati mwingine huwekwa katika orodha hii, si kiunzi bali ni lugha ya kuchora usanifu. Ilianzia Uholanzi na baadaye ikawa kiwango cha The Open Group. Inaweza kutumika pamoja na TOGAF au kiunzi kingine.

Uchaguzi

Mwaka 2007 Roger Sessions alilinganisha Zachman, TOGAF, kiunzi cha serikali ya Marekani na mbinu ya kampuni ya Gartner. Aliona kwamba hakuna kinachojitosheleza, na kwamba taasisi nyingi zingenufaika kwa kuchanganya sehemu zinazowafaa.

Jeanne Ross, Peter Weill na David Robertson, katika kitabu chao cha mwaka 2006, walishauri kuanza na swali la uongozi kabla ya michoro: je, taratibu za kazi zifanane katika matawi yote, na je, data itumike kwa pamoja? Majibu mawili hayo hutoa aina nne za taasisi. Kampuni ambayo matawi yake hufanya biashara zisizohusiana haina sababu ya kulazimisha mfumo mmoja kwa wote, ilhali shirika la ndege linahitaji taarifa zilezile za abiria katika kila uwanja.

Ukosoaji

Lawama kubwa ni wingi wa nyaraka. Kuchora hali yote ya sasa ya taasisi huchukua muda mrefu, na mara nyingi hali hiyo hubadilika kabla mchoro haujakamilika. Mtafiti Svyatoslav Kotusev amedai kwamba taasisi nyingi zinazosema zinafuata kiunzi fulani hutumia sehemu ndogo tu ya maelekezo yake.

Lawama nyingine ni kazi hii kuachiwa idara ya TEHAMA peke yake. Michoro ikikamilika bila wakuu wa idara nyingine kushiriki, ununuzi huendelea kama zamani na kiunzi chochote hakisaidii. Usanifu huwa na nguvu pale ambapo mradi mpya hauwezi kupewa fedha kabla ya kulinganishwa nao.

Tanzania

Nchini Tanzania masuala haya yako chini ya Mamlaka ya Serikali Mtandao (e-GA), kwa mujibu wa Sheria ya Serikali Mtandao Na. 10 ya mwaka 2019. Miongozo yake kwa taasisi za umma inahusu, pamoja na mengine, usanifu wa shughuli, taarifa, programu, miundombinu, uunganishaji wa mifumo na usalama. Mgawanyo huo unakaribiana na ule wa TOGAF na FEAF.

Tazama pia

- Serikali mtandao
- Teknolojia ya Habari na Mawasiliano
- Hifadhidata
- Mfumo wa habari