Gunia la Mchungaji Helms

Mtu anayenunua koti la mtumba katika soko la Gikomba, Karume au Owino ana utaratibu wake. Ataikagua kola, atapandisha na kushusha zipu, atanusa kwapa, kisha ataingiza mkono mfukoni, maana huwezi kujua. Wapo waliokuta sarafu, na wapo waliokuta tiketi ya basi la mji ambao hawataufikia. Mara nyingine kwenye kola imesalia lebo ndogo ya rangi, ya kijani au ya njano, yenye bei kwa dola. Hiyo haikuwekwa na kiwanda. Imewekwa na duka la Marekani lililopewa koti hilo bure, likalitundika kwa wiki kadhaa, likakosa mnunuzi.

Wazee wetu waliziita nguo hizi kafa Ulaya, wakiamini kwamba mwenyewe amefariki na jamaa zake wameuza mali. Kumbe mwenyewe yu hai, amesafisha kabati tu, akabeba mfuko hadi dirisha la kupokelea michango. Maduka yanayopokea mifuko hiyo Marekani ni mengi. Lenye jina kubwa kuliko yote ni Goodwill, na historia yake inaanzia kwenye gunia tupu la kahawa, Boston, mwaka 1902.

Gunia hilo lilibebwa na Edgar James Helms, mchungaji wa Kimethodisti aliyezaliwa mwaka 1863 kaskazini mwa jimbo la New York, akakulia Iowa na kusomea uchungaji Boston. Alitamani kwenda India kuhubiri. Badala yake, mwaka 1895 alikabidhiwa Morgan Chapel, kanisa lililochoka katika mtaa wa South End. Lilikuwa na mkataba wa ajabu: mwanzilishi wake, Henry Morgan, aliliachia jengo shirika la Waunitari kwa sharti kwamba mhubiri awe Mmethodisti. Waliolizunguka walikuwa wahamiaji waliotoka Ulaya na kwingineko, wengi hawajui Kiingereza, hawana ufundi unaotambulika na hawana mtu wa kuwadhamini kazini. Kwa maneno mengine, India ilikuwa imemfuata mlangoni.

Helms alichukua gunia, akavuka kwenda mitaa ya wenye nacho, akabisha hodi nyumba kwa nyumba. Aliomba viatu vilivyochanika, makoti yaliyopungua vifungo, viti vyenye mguu mmoja mbovu. Baadaye magunia yakaachwa kwenye nyumba zenyewe, mwenye nyumba ajaze taratibu, gari lipite kuyachukua. Wakusanyaji wa sadaka walikuwapo hata kabla yake. Ugeni wa Helms ulikuwa katika kilichofuata gunia likifika kanisani.

Chukua koti moja lisilo na vifungo viwili, bitana imefumuka. Likigawiwa lilivyo, mtu mmoja atapata joto kwa majira ya baridi mawili. Kwa Helms, koti hilohilo lilipita kwa mchambuzi aliyeamua kama linafaa, likaenda kwa mfuaji, kisha kwa mama wa cherehani aliyeshona bitana na kutafuta vifungo vinavyofanana, kwa mpiga pasi, hadi kwa muuzaji dukani. Mnunuzi maskini alilipa senti chache, akatoka nalo kama mteja. Senti hizo ndizo zilizowalipa wote waliolishika. Na fundi viatu aliyekaa hapo miezi kadhaa aliondoka na ujuzi wa kuombea kazi kwingine.

Falsafa hiyo ilifupishwa kwa kauli ambayo Goodwill imeibeba tangu hapo: si sadaka, bali nafasi. Kwa sikio la Kiswahili kauli hiyo ina ukakasi kidogo, kwani sadaka kwetu ni ibada, hutolewa kwa siri na haimdhalilishi mtu. Lakini anayejua kusimama foleni ya msaada, jina lake likisomwa mbele za watu, ataelewa mchungaji alikuwa anakimbia nini.

Mwaka 1905 kazi hiyo ilisajiliwa kwa jina refu lililobeba neno la ushirika. Jina la Goodwill, yaani nia njema, halikutoka Boston. Karakana ya Brooklyn ndiyo iliyolitumia kwanza, Helms akalipenda, na mwaka 1915 likawa la wote. Tawi baada ya tawi likafuata, na kila tawi likawa shirika linalojitegemea, lenye bodi yake, mkurugenzi wake na vitabu vyake vya hesabu. Hadi leo ni hivyo. Marekani na Kanada zina matawi zaidi ya 150 na maduka zaidi ya 3,000 chini ya jina moja, lakini hakuna mfuko mmoja. Ndiyo maana mwanzoni mwa 2016 tawi la Toronto lilipoishiwa fedha na kufunga maduka 16, zaidi ya watu 400 walipoteza kazi huku matawi mengine yakiendelea na biashara kama kawaida.

Miaka ya 1930, uchumi ulipoporomoka na kila mtu akawa mtafuta kazi, Goodwill iliwageukia zaidi watu wenye ulemavu, ambao waajiri waliwaweka mwisho wa orodha hata enzi za neema. Helms alifariki mwaka 1942, vita vikiwa vimepamba moto, na majeruhi waliorudi nyumbani waliikuta njia hiyo imeshafunguliwa. Mchoraji wa katuni Al Capp, ambaye mwenyewe alipoteza mguu utotoni, aliichorea Goodwill kijana anayetabasamu akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Nembo ya sasa, ya 1968, ni kazi ya Joseph Selame: nusu ya uso unaotabasamu, ambayo ukiitazama tena ni herufi g.

Tabasamu hilo limewahi kufunika jambo lisilochekesha. Sheria ya kazi ya Marekani ya mwaka 1938 iliruhusu waajiri wenye kibali maalumu kuwalipa watu wenye ulemavu chini ya kima cha chini cha mshahara, na baadhi ya matawi ya Goodwill yalivitumia vibali hivyo kwa miongo mingi. Mwaka 2012 shirikisho la wasioona la nchi hiyo liliwataka watu wayasusie maduka ya Goodwill. Mwaka uliofuata televisheni ya NBC ilionyesha kwamba kulikuwa na wafanyakazi waliolipwa senti 22 kwa saa. Watetezi wa utaratibu huo walisema bila vibali watu hao wangekaa nyumbani. Mimi naona kauli ya Helms yenyewe ndiyo shahidi wa mashtaka: nafasi isiyolipa nauli ya kurudi nyumbani ni jina jingine la sadaka, tena sadaka anayoitoa mfanyakazi. Matawi kadhaa yameviacha vibali hivyo tangu wakati huo.

Upande wa elimu, mambo mazuri zaidi yamefanyika Indianapolis. Mwaka 2010 tawi la huko lilifungua shule iitwayo Excel Center kwa ajili ya watu wazima walioacha sekondari. Hawapewi cheti mbadala. Wanamaliza sekondari kamili, bila ada, kwa mihula mifupi ya wiki nane ili anayekatishwa na msiba au zamu za kazi asipoteze mwaka mzima. Waanzilishi walijiuliza kwa nini mtu mwenye akili timamu hajarudi darasani, na majibu waliyoyapata yalikuwa ya kawaida mno: mtoto hana wa kumwangalia, nauli hakuna, kuna kesi ya zamani inayomfuata. Basi shuleni kukawa na chumba cha kulelea watoto, msaada wa usafiri, na mshauri ambaye kazi yake ni kukupigia simu usipoonekana. Mama anapambana na aljebra, mwanawe yumo jengo hilohilo akichezea vibao. Shule za mfano huo zimeshafunguliwa pia Texas, Tennessee na Washington. Mishahara ya mpango kama huo hailipwi kwa kauli mbiu. Mauzo ya makoti yana mchango wake humo.

Kilichotoweka ni cherehani. Dukani siku hizi nguo huchambuliwa, huwekwa lebo na kutundikwa. Yenye kifungo pungufu haina wa kuishonea, kwa sababu saa moja ya fundi Marekani ni ghali kuliko shati lenyewe. Isiyouzika hupelekwa kwenye mapipa ya kuuzia kwa uzito, na ikishindikana huko huuzwa kwa wafanyabiashara wanaofunga marobota na kuyapakia melini. Kuanzia hapo hadithi ni yetu. Nchi za Afrika Mashariki zilipoazimia mwaka 2016 kuiondoa mitumba sokoni hatua kwa hatua, wafanyabiashara hao walipeleka malalamiko Washington, nchi hizo zikatishiwa kunyang'anywa nafuu ya ushuru ya AGOA, mpango wa Marekani kwa bidhaa za Afrika. Kenya, Tanzania na Uganda zikalegeza kamba. Rwanda ikagoma, na mwaka 2018 ikasimamishiwa nafuu hiyo kwa mavazi.

Vifungo vya lile koti vinashonwa Gikomba sasa. Fundi amekaa kandokando ya njia, cherehani ya kukanyaga mbele yake, kopo la vifungo vya kila rangi miguuni. Anapunguza kiuno, anabadilisha zipu, anafumua bitana na kuirudisha. Mlolongo wa Helms uko kamili pale, kuanzia mchambuzi wa robota hadi mpiga pasi wa mkaa, ila hakuna bodi, hakuna shule, na hakuna anayempigia simu fundi asipoonekana.

Boston bado wapo, chini ya jina la Morgan Memorial Goodwill Industries. Moshi nako kuna soko la mitumba liitwalo Memorial. Hayo yamesadifu tu, ila hunichekesha kila ninapopita. Nawe ukiikuta ile lebo ya rangi kwenye kola, isome kwanza kabla ya kuing'oa, ujue bei uliyolipa inatofautiana na ya Marekani kwa kiasi gani.