Programu ya kusimamia malori: Mambo ya kuzingatia kampuni inapojiundia yake

KUTOKA bandari ya Mombasa hadi mpakani Malaba ni mwendo wa kilomita 930 hivi. Katika masafa hayo, lori lililobeba kasha hupitia mikono mingi: wakala wa forodha, makarani wa lango la bandari, wahudumu wa mizani, maafisa wa mpakani na hatimaye mpokeaji wa shehena.

Kila mkono huacha karatasi yake, na faida ya safari nzima hutegemea karatasi hizo. Ikipotea hati iliyotiwa sahihi na mpokeaji, mwenye lori hukosa ushahidi wa kudai malipo yake. Kasha tupu likichelewa kurudishwa, kampuni ya meli hutoza ada kwa kila siku inayozidi. Mali bila daftari huisha bila habari, walisema wahenga.

Ndiyo sababu kampuni za uchukuzi hutumia mfumo wa usimamizi wa uchukuzi, yaani programu ya tarakilishi inayopokea maagizo ya wateja, kupanga malori na madereva, kufuatilia safari, kukusanya gharama na kuandaa ankara. Baadhi hununua mfumo uliokwisha kutengenezwa. Nyingine huajiri wataalamu na kujiundia wao wenyewe. Njia hii ya pili ina manufaa yake, lakini huleta hasara pale kampuni inapojitosa kabla ya kujua inachokitafuta.

Kwa nini kujiundia?

Hesabu za kupanga safari za malori zina historia ndefu. Mwaka 1959, watafiti George Dantzig na John Ramser walichapisha makala kuhusu namna ya kugawa malori ya petroli kutoka ghala moja hadi vituo vingi kwa mwendo mfupi iwezekanavyo. Mwaka 1964, Clarke na Wright walitoa njia nyepesi zaidi ya kukokotoa hesabu hiyo. Utaalamu wa aina hiyo humfaa sana mfanyabiashara anayesambaza mikate au soda katika maduka mengi ya mji.

Hali ni tofauti katika Ushoroba wa Kaskazini, unaoiunganisha Mombasa na Uganda, Rwanda, Burundi, Sudan Kusini na mashariki mwa Kongo. Hapa njia za kuchagua ni chache. Swali kuu si lori lipite wapi, bali litasubiri wapi, kwa muda gani, na litarudi na nini. Programu inayosifiwa kwa kufupisha njia haitamfaa mwenye malori yanayopoteza siku nzima langoni na mpakani.

Huo ndio msingi halali wa kujiundia mfumo: kazi ya kampuni iwe na swali ambalo programu za dukani hazikuundwa kulijibu. Pasipo swali kama hilo, kununua ni nafuu. Mwenye malori matano anaweza kutosheka na jedwali la Excel linalotunzwa vyema. Hata kampuni kubwa haina haja ya kujiundia programu ya uhasibu, ramani au vifaa vya kufuatilia magari kwa setilaiti. Hivyo vinapatikana sokoni na huweza kuunganishwa na mfumo wake.

Agizo, shehena na safari

Kosa ambalo ni rahisi kufanywa mwanzoni ni kuchanganya mambo matatu: agizo la mteja, shehena yenyewe na safari ya lori. Katika daftari la kawaida, yote matatu huandikwa katika mstari mmoja, nalo daftari huonekana safi kwa muda.

Hata hivyo, mteja mmoja akiagiza makasha kumi, huenda malori kumi yakaondoka kwa siku tofauti. Kwa upande mwingine, lori moja laweza kubeba makasha mawili ya futi 20, kila moja la mwenyewe. Isitoshe, lori likiharibika njiani, shehena huhamishiwa lori jingine ilhali agizo ni lile lile. Mfumo ambao haukutenganisha mambo hayo tangu awali hulazimisha makarani kudanganya ili tarakilishi ikubali, na kuanzia hapo hesabu zake haziaminiki tena.

Aidha, kila tukio la safari linafaa kuandikwa mara moja, pale linapotokea, na yule aliyelishuhudia: kutoka langoni, kupita mizani, kufika mpakani, kushusha mzigo, kurudisha kasha tupu. Kwa kuwa mawasiliano ya rununu hukatika katika baadhi ya sehemu za barabara, programu ya dereva haina budi kuhifadhi taarifa simuni na kuituma baadaye. Hivyo ni lazima mfumo utunze nyakati mbili, wakati tukio lilipotokea na wakati taarifa ilipopokewa. La sivyo, dereva aliyewahi kufika ataonekana amechelewa.

Sheria ndani ya programu

Sheria ya kudhibiti uzito wa magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2013 iliweka kikomo cha tani 56 kwa gari na mzigo wake. Lakini kikomo hicho hakimhusu kila mtu. Trela ya kawaida yenye ekseli sita huruhusiwa tani 50: nane kwa ekseli ya usukani, 18 kwa ekseli mbili za kuvuta na 24 kwa ekseli tatu za nyuma.

Lori laweza kuwa chini ya tani 50 na bado likanaswa katika mizani ya Mariakani kwa sababu mzigo umeelemea mbele. Programu inayouliza uzito wa jumla pekee haimkingi mwenye lori. Inapaswa kudai uzito wa kila kundi la ekseli kabla ya lori kuruhusiwa kuondoka.

Saa za dereva zina uzito zaidi, kwa kuwa zinahusu uhai. Sheria ya Trafiki ya Kenya hairuhusu dereva wa gari la biashara kuendesha kwa zaidi ya saa nane katika muda wa saa 24. Hata lori likienda kwa kasi ya kilomita 80 kwa saa bila kusimama popote, safari ya Mombasa hadi Malaba huchukua zaidi ya saa 11. Programu inayomwahidi mteja kuwa dereva mmoja atafika siku hiyo hiyo, imekwisha kumwamuru dereva huyo avunje sheria au asinzie kwenye usukani.

Mafuta nayo yanahitaji busara. Barabara hupanda kutoka usawa wa bahari hadi zaidi ya mita 2,500 katika nyanda za Timboroa, na lori lenye mzigo halinywi dizeli sawa na lililo tupu. Mfumo mzuri hulinganisha matumizi ya lori na safari zake zilizotangulia katika njia iyo hiyo. Tofauti ikionekana, lichukuliwe kuwa swali la kuuliza, wala si hukumu ya wizi dhidi ya dereva aliyekwama foleni usiku kucha injini ikinguruma.

Kadhalika, Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inahusu taarifa za watu, yakiwemo mahali alipo dereva. Ni haki yake kuelezwa kinachokusanywa na sababu yake.

Gharama isiyoonekana

Kuandika programu ni mwanzo tu. Gharama kubwa huja baadaye, kwa kuwa mazingira hubadilika. Treni ya mizigo ya SGR ilipoanza kuhudumu mwaka 2018, safari nyingi za malori zilianzia bohari ya makasha ya Embakasi, Nairobi. Mwaka 2022, serikali ikaagiza shughuli za kuondoa mizigo zirejeshwe Mombasa. Mwaka 2023 ukaja mfumo wa ankara wa eTIMS wa Mamlaka ya Ushuru. Ikiwa majina ya vituo na viwango vya ada vimefungiwa ndani ya msimbo, kila agizo jipya la serikali humrudisha mhandisi kazini. Vikiwekwa katika majedwali, karani mwenyewe huvibadilisha.

Hatari nyingine ni kumtegemea mtu mmoja. Mhandisi aliyeunda kila kitu peke yake akihama, kampuni hubaki na mtambo usio na fundi. Kwa hivyo, ni muhimu msimbo uhifadhiwe mahali ambapo kampuni ina ufunguo, maelezo yaandikwe, nakala za akiba zijaribiwe, na mtu wa pili afunzwe. Vilevile mkataba utamke bayana nani mwenye haki, maadamu sheria ya hakimiliki ya Kenya huzilinda programu za tarakilishi kama kazi za fasihi.

Njia salama ni kuanza na kidogo: njia moja, malori machache, huku daftari la karatasi likiendelea sambamba hadi hesabu za pande zote mbili zilingane. Kuongeza watu kwa pupa hakusaidii. Tangu mwaka 1975, Fred Brooks alionya kuwa kuongeza wafanyakazi katika mradi wa programu uliochelewa huuchelewesha zaidi.

Kipimo cha mwisho ni chepesi. Siku ambayo mhandisi hayupo na karani mkuu yuko likizoni, je, kampuni yaweza kusema kila lori liko wapi, safari yake imegharimu kiasi gani, na nani hajalipa? Ikiweza, programu hiyo ni mali ya kampuni. Isipoweza, bado ni mali ya aliyeiandika.