Wavu wa Sungura Buha: Miaka 130 ya Sheria Iliyomsahau Mkulima

Mwaka huu wa 2026 inatimia miaka 130 tangu Hermann von Wissmann, gavana wa Afrika Mashariki ya Kijerumani, atoe amri ya kwanza ya wanyamapori katika nchi tunayoiita leo Tanzania. Ilikuwa Mei 1896. Wajerumani walikwisha kuondoka zamani, ila mkulima wa Kasulu au Kibondo, katika nchi ya Buha, bado anaishi chini ya kivuli cha amri ile. Akitandaza wavu kando ya shamba lake la maharage na kuachia mbwa wamfurumushe sungura bila kibali cha mamlaka ya wanyamapori, anahesabiwa mhalifu.

Kwa asiyewahi kuuona, usasi wa wavu ni kazi ya watu wengi. Sungura wa porini wa kwetu hachimbi shimo kama sungura wa Ulaya. Mchana hujilaza kwenye majani, na akishtuka hutegemea miguu yake. Ndiyo maana huku hakuna haja ya kufuga kicheche wa kumwingiza ardhini. Nyavu hufungwa kwenye vigingi au vichaka, zikizungushwa upande mmoja wa pori, na wenye marungu hujificha nyuma yake. Upande wa pili hupangwa vijana na mbwa, wanasonga mbele wakipiga kelele na kupekua majani. Katika nchi jirani za Rwanda na Burundi, mbwa wa mawindo walivishwa kengele shingoni ili wawindaji wajue walipo hata nyasi zikiwafunika. Kwa njia hiyo walipatikana sungura, ndezi, na mara nyingine nsya. Nyama iligawanywa, na shamba likapumua.

Mtu aliyetusaidia kuelewa uzito wa jambo hili ni Helge Kjekshus, msomi wa Norway aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Katika kitabu chake cha mwaka 1977 kuhusu mazingira na uchumi wa Afrika Mashariki, alisisitiza kwamba kabla ya miaka ya 1890 wanavijiji wa bara walikuwa wameyatawala mazingira yao. Walilima, walichoma nyasi kwa wakati wake, waliwinda, na kwa kufanya hivyo waliwazuia wanyama na mbung'o wasisogee makazini. Wapo wanahistoria wanaosema aliipamba mno hali ya zamani. Mimi naona hoja yake ya msingi inasimama: uwindaji wa kijiji ulikuwa sehemu ya kilimo. Kisha ikaja sotoka, ikateketeza ng'ombe mwanzoni mwa miaka ya 1890, na pori likarudi. Amri ya Wissmann ilitoka miaka michache tu baada ya msiba huo.

Miaka minne baadaye, Mei 1900, wajumbe wa madola ya Ulaya yenye makoloni Afrika walikutana London na kutia saini mkataba wa kuhifadhi wanyama wa bara hili. Hapakuwa na Mwafrika mezani. Mkataba ule ulitaka matumizi ya nyavu na mashimo ya kutegea yapunguzwe kwa kadiri iwezekanavyo. Bunduki ilibaki halali kwa mwenye leseni. Waungwana wa Ulaya waliamini kwamba kuwinda ni mchezo wenye heshima zake, na kwamba mnyama anastahili nafasi ya kukimbia risasi. Mtu anayewinda kwa ajili ya chungu na shamba hakuwa na nafasi katika fikra hizo.

Na hapa ndipo ninapokereka, kwa sababu Waingereza wenyewe walikuwa wamekwisha kuligombania suala hili nyumbani kwao na kulimaliza. Kwa vizazi vingi, mpangaji wa shamba Uingereza aliangalia sungura wakimalizia ngano yake bila ruhusa ya kuwagusa, maana mwenye ardhi aliwatunza kwa ajili ya kuwapiga risasi yeye na wageni wake. Aliyenaswa usiku akiwa na wavu au mbwa katika ardhi ya bwana alishtakiwa chini ya sheria ya mwaka 1828. Mwaka 1880 serikali mpya ya waziri mkuu Gladstone ilipeleka bungeni muswada uliosimamiwa na William Harcourt, waziri wa mambo ya ndani. Wenye mashamba makubwa walilalamika kwamba mkataba kati ya mwenye ardhi na mpangaji unaingiliwa. Muswada ulipita hata hivyo. Kuanzia Septemba ya mwaka ule kila mkulima aliyekalia ardhi alipewa haki ya kuua sungura wanaokula mazao yake, na sheria ikatamka kuwa mkataba wowote wa kumnyang'anya haki hiyo ni batili. Hata sheria ya mwaka 2004 iliyopiga marufuku kuwinda mbweha kwa mbwa huko Uingereza na Wales iliacha mlango kwa sungura na panya, mradi mwenye ardhi akubali. Leo mwanakijiji wa kule akiwa na wavu, kicheche na mbwa wake mdogo anafanya kazi halali.

Haki hiyo haikupanda meli kuja Tanganyika, Waingereza walipoichukua kutoka kwa Wajerumani. Sheria ya Waingereza ya mwaka 1921 ilifuatwa na nyingine za 1940 na 1951, zote zikiendelea kumbana mwindaji wa kijiji. Miaka ya 1930 malale, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, yalipotisha, serikali iliwahamisha watu wa Buha, Kibondo ikiwemo, ikawakusanya katika makazi maalumu. Nyuma yao mashamba yalimezwa na pori.

Baada ya uhuru sheria ya 1974 na ile ya 2009 ziliendeleza makatazo ya nyavu, mitego na mbwa. Kama miaka ya 1930, Operesheni Kigoma ya mwaka 1972 iliwahamisha watu tena, ikawasogeza vijijini. Wakaja wakimbizi wa Burundi na Kongo katika kambi kama Nyarugusu na Nduta, ambako mgawo wa chakula haukuwa na nyama, na nyama ya porini ikapewa jina la mchicha wa usiku. Mwaka 2020 zilitoka kanuni za kuruhusu mabucha ya nyamapori, hatua njema kwa mwenye mtaji.

Sitetei ujangili. Wavu hauchagui, na katika Pori la Akiba la Moyowosi hauna mahali. Lakini sungura na ndezi wanaokula maharage ya mama wa Kasulu si tembo. Sheria inapofanyiwa marekebisho mengine, Wizara ya Maliasili na Utalii iipe serikali ya kijiji mamlaka ya kutoa kibali cha usasi wa wavu na mbwa ndani ya mashamba, kwa msimu na kwa wanyama waliotajwa. Wabunge wa Kasulu, Kibondo na Kakonko, hoja hii ni yenu kuipeleka Dodoma.