Orodha ndani ya kisanduku: ugomvi ulioanza 1970

Leo tuongee historia kidogo. Mteja wako ana namba mbili za simu, pengine tatu. Utazirundika zote kwenye safuwima moja ama utaziundia jedwali lake? Wengi hujibu kwa mazoea tu, na hawajui swali hili limewagawanya wakubwa wa fani yetu kwa miongo kadhaa.

Mwaka 1970 Edgar Codd, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi IBM kule San Jose, Marekani, alichapisha makala iliyozaa hifadhidata za majedwali tunazotumia mpaka leo. Mfano wake ulikuwa rekodi ya mfanyakazi yenye orodha ya watoto ndani yake. Codd akaitoa orodha hiyo nje. Watoto wapate jedwali lao, na kila mstari ubebe namba ya mzazi. Kisanduku kimoja, thamani moja. Kwa nini? Siku hizo ili umpate mtoto ilibidi programu ipitie kwa mzazi, na mpangilio ukibadilika, programu nayo inakufa.

Miaka ya 1980 mambo yakageuka. Michael Stonebraker na wenzake wa chuo kikuu cha California, Berkeley, walianza kujenga POSTGRES, wakitaka hifadhidata inayokubali data za aina nyingi zaidi. Humo orodha ikarudi ndani ya kisanduku, safari hii kwa jina la arei. Mwaka 1996 mradi ukaitwa PostgreSQL, na kiwango cha SQL cha 1999 nacho kikaikubali arei.

MySQL haikuwa nayo, kwa hiyo watu wakaandika 7,17,27 kama maandishi ya kawaida. Hiyo ndiyo mbaya kuliko zote. Ukitafuta 7, unaletewa pia 17 na 27! Arei ya kweli haina shida hiyo, na tangu toleo la 8.2 la PostgreSQL (2006) unaweza kuiwekea faharasa ya GIN ili utafutaji uwe wa haraka.

Basi Codd alikosea? La hasha. Chukua kliniki inayoweka dawa zinazomdhuru mgonjwa kama arei ya namba za dawa. PostgreSQL haina ufunguo wa kigeni unaokagua kila kipengele cha arei. Mtu akifuta dawa namba 12 kwenye jedwali la dawa, mgonjwa anabaki na 12 isiyo na maana, wala mfumo haupigi kelele. Daktari anasoma skrini, haoni onyo. Kwenye jedwali la kuunganisha lenye ufunguo wa kigeni, ufutaji huo ungekataliwa papo hapo.

Mimi kipimo changu ni hiki: je, kipengele kina maisha yake? Mtoto wa mfanyakazi ana jina na mwaka wa kuzaliwa, mpe jedwali. Lebo za makala, au vipimo 24 vya joto vya siku moja? Arei inatosha kabisa.